Moyo uliopanuka na moyo ulionenepa

Pole sana, dada. Mdogo wako kajifungua miezi 2 iliyopita, miguu imevimba, akilala chali anakosa pumzi, na eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) inasema moyo umepanuka. Unauliza kama ni ugonjwa wa mjomba wenu mwenye misuli minene ya moyo.

Tazama ripoti. EF ni asilimia ya damu inayosukumwa nje na chemba ya kushoto kila pigo. Ikiwa chini ya 45, dalili zimeanza mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi 5 baada ya kujifungua, na sababu nyingine haijaonekana, hapo hushukiwa moyo kudhoofika kwa sababu ya uzazi. Wengi hupata nafuu kubwa kwa dawa. Wa mjomba hutambulika kwa unene wa ukuta: milimita 15 au zaidi bila presha kuwa chanzo, EF huwa nzuri. Huo mara nyingi hurithiwa, kwa hiyo ndugu wa damu wapimwe pia.

Asiache dawa akiona nafuu. Asishike mimba kabla daktari wa moyo hajarudia eko. Baadhi ya dawa hizo hudhuru mtoto tumboni. Akizirai, akipooza upande mmoja au pumzi ikimbana ghafla, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.