Koili ya stata ya Honda XL125S inakata moto ikipata joto: isukwe vipi?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Honda XL125S ya mwaka 1981, ya volti 6. Asubuhi inawaka vizuri, ila nikiendesha kama dakika ishirini inazima ghafla na plagi haitoi moto kabisa. Ikipoa nusu saa, inawaka tena. CDI (kisanduku cha umeme kinachorusha moto wa plagi) nimeazima ya mwenzangu, hali ni ileile. Koili ya stata (sehemu isiyozunguka, iliyo chini ya fliwili) inayolisha CDI inasoma omu 310 ikiwa baridi. Stata mpya siipati, na fundi anayesuka mota hapa mtaani anasema ataisuka kwa kukadiria. Nimruhusu? Waya uwe geji ngapi, mizunguko mingapi?

JIBU: Ndugu yangu, asikadirie. Namba zote unazozitafuta zimo ndani ya hiyo koili yako mbovu, mradi isikatwe na kutupwa kabla hazijachukuliwa.

Kwanza tuhakikishe mbovu ni yenyewe. Kipimo cha baridi hakikusaidii, kwa sababu waya uliokatika ndani unaweza kugusana ukiwa baridi na kuachana shaba inapotanuka kwa joto. Pikipiki ikizima barabarani, chomoa soketi ya stata hapohapo na upime. Kwa Honda nyingi za miaka hiyo, waya wa koili hii ni mweusi wenye mstari mwekundu. Pima kati yake na bodi ya injini. Koili nzima yenye omu 310 hupanda hadi 400 hivi ikifika nyuzi 100 za Selsiasi, na hilo ni jambo la kawaida kwa shaba. Ukiona haisomi kitu, au namba inarukaruka, basi koili imekatika. Ikishuka sana chini ya 310, mizunguko imeshikana yenyewe kwa yenyewe. Chomoa pia waya mweusi wenye mstari mweupe wa swichi ya kuzimia ujaribu kuwasha, maana swichi inayovuja kwenda bodi huzima pikipiki vilevile. Na koili ndogo ya pulsa, inayoiambia CDI wakati wa kurusha moto, nayo ipimwe ikiwa moto.

Fliwili, yaani gurudumu zito lenye sumaku linalozunguka stata, itolewe kwa pula yake (kifaa cha kuivuta), isigongwe nyundo. Mapigo hudhoofisha sumaku na kulegeza ripiti, na sumaku ikishafifia hakuna koili itakayokupa moto wa kutosha.

Kabla ya kufungua hata mzunguko mmoja, chora mshale kwenye bati kuonyesha koili imezungukia upande gani, na uandike ncha ipi imelehemiwa kwenye kiini (chuma cha katikati): ya ndani au ya nje. Kwa kawaida ni ya ndani, kwa sababu tabaka lililo karibu na chuma likiwa ethi (limeunganishwa na bodi), insulesheni haibebi volti kubwa. Mwelekeo una maana. CDI hutumia nusu tu ya wimbi la umeme kujaza kapasita yake, kifaa kinachohifadhi umeme. Ukisuka kinyume, nusu hiyo inakuja wakati usio wake, na unapata moto dhaifu au injini inayokata moto inapozunguka kasi.

Pima mzingo wa koili chini kabisa, juu ya insulesheni ya kiini, na mzingo wa juu kabisa. Kisha toa shaba yote, hata kama vanishi imeshika na inabidi uikate vipandevipande. Choma vanishi kwa moto mdogo, safisha, upime shaba kwa mizani ya sonara au ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Kipande kimoja kiache na vanishi yake, kizungushe mara 50 kwenye msumari, mizunguko ikibanana bila kupandana, upime upana. Ukipata milimita 7, waya una 0.14 mm pamoja na vanishi, yaani shaba yenyewe ni kama 0.12 mm. Hiyo ni geji 40 ya SWG (kipimo cha Kiingereza cha unene wa waya). Hapa ndipo wengi hukosea: wanapima juu ya vanishi, wananunua waya wa shaba ya 0.14, halafu nafasi inawaishia kabla ya mizunguko kutimia.

Sasa hesabu. Shaba ya 0.12 mm ina omu 1.52 kwa kila mita, na kila mita ina uzito wa gramu 0.10. Omu 310 zako ukigawa kwa 1.52 unapata mita 204, na mizani inatakiwa ikupe gramu 20 hivi. Njia hizi mbili zikikubaliana, koili haikuwa na mizunguko iliyoshikana na unaweza kuziamini. Zisipokubaliana, fuata mizani, kwa sababu uzito haudanganywi na mzunguko ulioshikana. Tuseme mzingo wa chini ni 60 mm na wa juu ni 100 mm: wastani ni 80 mm. Mita 204 ukigawa kwa 0.08 unapata mizunguko 2,550. Ndiyo namba ya kumpa fundi. Vipimo vya koili yako vikitofautiana na mfano huu, tumia vyako. Waya wa 0.10 mm ni omu 2.2 kwa mita, wa 0.15 mm ni 0.98.

Shikilia idadi ya mizunguko kuliko omu. Mizunguko ndiyo inayozaa volti wakati wa kupiga kiki. Omu ni matokeo tu. Fundi akijaza waya mnene hadi nafasi iishe, au mwembamba hadi testa isome 310, mizunguko inapungua, na pikipiki itawaka kwa kusukumwa tu. Ukikosa geji 40, geji 41 ya 0.11 mm inakubalika kwa mizunguko ileile. Omu zitapanda kufikia 360 hivi, na hilo CDI italivumilia.

Kuhusu kuupata: mafundi mota hutumia waya mnene zaidi, kwa hiyo wa aina hii uulize kwa wauza vifaa vya kusukia Gerezani au Kariakoo jijini Dar es Salaam, na kwa walioko Nairobi, Luthuli Avenue na Kirinyaga Road. Omba wenye vanishi ya kuhimili nyuzi 155 au zaidi. Gramu 50 zinakutosha pamoja na za kuharibika. Waya uliofunguliwa kwenye transfoma ya zamani usiuguse. Vanishi yake imeshachubuka mahali usipopaona.

Kiini kisafishwe, kingo zake zilainishwe kwa tupa ndogo, maana kona ya bati hukata vanishi. Funga tabaka mbili za tepu ya poliimaidi, ile ya rangi ya dhahabu. Mashavu ya pembeni yachongwe kwenye ubao wa faiba wa milimita moja. Plastiki ya kawaida italainika. Waya huu unakatika ukivutwa kwa nguvu ya kama gramu 250, kwa hiyo mvuto uwe gramu 60 hadi 80, ukipita katikati ya vipande viwili vya kitambaa kizito. Ukivutwa zaidi unarefuka, unakuwa mwembamba, na hapo ndipo utakatikia baada ya miezi. Kuhesabu, tumia kikokotoo: bonyeza 1, kisha +, kisha =, na uunganishe swichi ya sumaku kwenye kitufe cha =, sumaku ikifungwa kwenye mhimili wa kusukia. Vikokotoo vingi vya kawaida huongeza moja kila sumaku inapopita. Kila mizunguko 500, weka tabaka moja la karatasi nyembamba ya poliesta.

Viungo viwili vya mwanzo na mwisho ndivyo vinavyoua koili nyingi zilizosukwa upya. Kunja ncha ya waya mwembamba mara tatu, isokote, ilehemu kwenye waya laini mnene zaidi, na kiungo kilale juu ya insulesheni, kifungwe kwa uzi kisicheze. Flaksi (dawa ya kulehemia) iwe ya kolofoni, utomvu wa msonobari, pekee. Ile ya tindikali inayotumika kwenye mabati inabaki ndani na kula shaba polepole.

Kabla ya kulehemu ncha ya ndani kwenye kiini, pima kwa mega (kipima insulesheni) ya volti 500 kati ya waya na chuma; isome makumi ya megaomu au zaidi. Kisha vanishi. Koili ipashwe nyuzi 80, izamishwe kwenye vanishi ya mota ya daraja F mpaka mapovu yaishe, ichuruzike, iokwe kadiri kopo linavyoelekeza. Bila vanishi kupenya hadi ndani, mtetemo wa injini utasuguanisha nyaya. Silikoni ya bafuni yenye harufu ya siki usiitumie kabisa, inakula shaba.

Ikitoka kwenye oveni, ipime ingali kwenye nyuzi 100. Omu zishuke taratibu inapopoa, zisiruke. Baada ya kuifunga, zungusha fliwili kwa mkono usikilize kama inagusa. Koili isivimbe kuzidi uso wa kiini. Mwisho, CDI ikiwa imechomolewa na plagi imetolewa, unganisha diodi ya 1N4007 na kapasita ya mikrofaradi 1, volti 630, upime volti za DC kwenye kapasita huku ukipiga kiki. Ifike 100 au zaidi. Usiishike kwa mkono, na uimwage kupitia rezista ya kilo-omu 10 kabla ya kuifungua. Ukipata 40 au 50, rudi kwenye hesabu ya mizunguko kwanza, kisha uitazame sumaku.