Mwanasiasa ameita jamii nyingine "kwekwe" jukwaani: je, video yangu inatosha kumfikisha kortini?

Swali: Wakili, nilihudhuria mkutano wa kampeni katika kaunti yetu, Bonde la Ufa. Mgombea mmoja alianza kwa Kiswahili, akageukia lugha ya mama, akasema shamba lenye kwekwe halizai na kwamba uchaguzi ukiisha kila mtu ataonyeshwa kwao. Umati ulishangilia. Nilirekodi kama dakika nne kwa simu. Jamaa yangu alikata kipande cha "kwekwe", akakiwekea maandishi na kukisambaza WhatsApp. Sasa wengine wana hasira, wengine wanasema alikuwa anatetea wenyeji tu. Je, hilo ni kosa? Nipeleke wapi video hii? Na mbona wanasiasa wa aina hii hukamatwa leo na kuachiliwa kesho?

Jibu: Linaweza kuwa kosa, na video yako ina thamani mradi faili la kwanza kabisa bado limo kwenye simu iliyorekodi. Usilifute, usilikate, usilipe jina jipya, na simu yenyewe usiiuze wala kuirudisha katika hali ya kiwandani. Kile kipande cha jamaa yako kiache kama kilivyo. Hakitakusaidia kortini na huenda kikakuletea shida, kama utakavyoona hapa chini.

Tuanze na sheria, kwa sababu watu wengi hudhani kuna kosa moja tu linaloitwa "matamshi ya chuki". Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua zaidi ya watu 1,100, ina milango miwili. Kifungu cha 13 kinahusu maneno ya vitisho, matusi au kejeli, ama yaliyokusudiwa kuchochea chuki ya kikabila, ama ambayo kwa kuzingatia mazingira yote yanaelekea kuichochea. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 62 kinahusu kutamka maneno yaliyokusudiwa kuamsha dharau, chuki, uhasama, vurugu au ubaguzi dhidi ya mtu au jamii kwa misingi ya kabila au rangi. Faini ni ile ile, ila kifungo hufika miaka 5.

Tofauti ya vifungu hivi ndiyo huamua kesi nyingi. Katika kifungu cha 13 si lazima uthibitishe nia ya msemaji; unaweza kuegemea mazingira na matokeo yanayotarajiwa. Lakini lazima maneno yenyewe yawe ya kutisha, ya kutusi au ya kufedhehesha. Kifungu cha 62 hakidai tusi, kwa hiyo kinafaa lugha ya mafumbo, ila hapo nia ni lazima ithibitishwe, na nia ya mwanasiasa ni kitu kigumu sana kushika mkononi. Mwanasiasa mjanja hutumbukia katikati ya hivi viwili: hatukani mtu, na akiulizwa alichokusudia anasema alikuwa akizungumzia kilimo. Ndiyo maana hati ya mashtaka iliyoandikwa vizuri huwa na mashtaka mawili, moja mbadala wa lingine.

Chuki ya kikabila katika sheria hii ni pana kuliko inavyosikika. Inagusa rangi, asili, uraia na utaifa pia. Mgombea anayewaambia Wakenya wenye asili ya Kisomali, Kihindi au Kiarabu wafunge virago hana kinga ati kwa sababu hao "si kabila". Wala hawezi kujificha nyuma ya uhuru wa kujieleza: Ibara ya 33 ya Katiba, aya ya 2, inautoa nje ya uhuru huo uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki na uenezaji wa uhasama wa kikabila. Kinga ya bunge nayo inahusu anayoyasema bungeni. Jukwaa la sokoni halimo.

Sasa neno "kwekwe". Neno peke yake halina hatia. Linapimwa kwa mahali, wakati, msemaji na wasikilizaji. Katika Bonde la Ufa, eneo lililoshuhudia watu wakifurushwa mwaka 1992, 1997 na 2007, kuita majirani kwekwe wakati wa kampeni, kisha kuongeza kwamba "kila mtu ataonyeshwa kwao", ni jambo tofauti kabisa na kusema hivyo katika semina ya wakulima. Mfano ulio wazi ni "madoadoa". Neno hilo lilitumika katika eneo hilo miaka ya 1990 dhidi ya walioonekana kuwa si wenyeji. Januari 2022, Mithika Linturi, wakati huo Seneta wa Meru, alikamatwa baada ya kuwahimiza watu mjini Eldoret waondoe madoadoa. Aprili mwaka huo huo NCIC, yaani Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, ililiweka neno hilo kwenye orodha yake ya maneno ya chuki. Orodha hiyo ni mwongozo tu. Neno kuwemo humo hakumfungi mtu, na kutokuwemo hakumwokoi.

Ukitaka kipimo cha haraka kabla ya kuandika malalamiko, tumia vigezo 6 vya Mpango wa Rabat, uliopitishwa mwaka 2012 chini ya Umoja wa Mataifa: mazingira, hadhi ya msemaji, nia, maudhui na mtindo, upana wa hadhira, na uwezekano wa madhara kutokea. Kwa maelezo uliyotoa, mgombea wako ana alama mbaya katika vigezo vyote isipokuwa nia, na hapo ndipo yale maneno ya "ataonyeshwa kwao" yanapokuwa na uzito. Yanaondoa shaka kwamba alikuwa akizungumzia mahindi. Jamaa yako ameyakata yakabaki nje ya kipande chake. Umeona hasara yake.

Kuhusu faili lenyewe. WhatsApp ikipokea video ya kawaida huibana upya, huondoa metadata ya awali (taarifa zilizomo ndani ya faili kuhusu lini na kwa kifaa gani ilirekodiwa) na kubadilisha ukubwa. Anayeipokea ana nakala ya nakala, na wakili wa utetezi ataanzia hapo. Ukilazimika kutuma kwa simu, tuma kama hati badala ya video, ili faili lisibanwe. Afadhali zaidi, linakili kwa waya hadi kwenye kompyuta, kisha kwenye flashi mbili mpya: moja kwa wapelelezi, nyingine ya akiba. Siku hiyo hiyo tengeneza alama ya hashi ya SHA-256 ya faili asilia, yaani alama ambayo programu ya kompyuta huikokotoa kutoka kwa faili lenyewe, na uiandike kwenye karatasi yenye tarehe na sahihi yako. Herufi na tarakimu hizo 64 zitaonyesha baadaye kwamba hakuna kilichoguswa; faili likibadilika hata chembe, hashi hubadilika yote. Tangu sasa, kila flashi inapopita mkono, andika nani ametoa, nani amepokea, saa ngapi. Kwa kuwa siku hizi akili unde inaweza kuigiza sauti ya mtu yeyote, "hiyo si sauti yangu" limekuwa jibu la kwanza la washtakiwa. Dawa yake ni video ya pili kutoka pembe nyingine ya uwanja, pamoja na shahidi aliyekuwepo na anayemjua msemaji kwa sura na sauti.

Sheria ya Ushahidi inakubali ushahidi wa kidijitali chini ya kifungu cha 78A, lakini korti hupima jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na jinsi chanzo chake kilivyotambuliwa. Kifungu cha 106B kinahitaji cheti kinachoitambua rekodi, kueleza ilivyotolewa na kutaja kifaa kilichotumika, na kisainiwe na mtu anayehusika na kifaa hicho. Kwa video yako, mtu huyo ni wewe. Toa muundo wa simu, nambari yake ya IMEI (nambari ya kipekee inayoitambulisha simu), tarehe na saa ya kurekodi, na namna ulivyoihamisha video hadi kwenye flashi. Afisa wa polisi aliyeipakua mtandaoni hawezi kusema hayo kwa niaba yako, na kesi nyingi hujikwaa papo hapo: video inachezwa kortini, kila mtu anaiona, kisha hakimu anaambiwa aliyeirekodi hajulikani.

Lugha ya mama nayo inahitaji kazi ya ziada, na sehemu hii hupuuzwa mno. Andaa nakala ya maandishi ya neno kwa neno, yenye dakika na sekunde, kwa lugha iliyotumika. Kando yake iwepo tafsiri ya Kiingereza au Kiswahili iliyofanywa na mfasiri aliye tayari kuja kizimbani kuitetea. Usitafsiri mwenyewe ukiwa ndiye uliyerekodi. Mafumbo na methali zipewe tafsiri ya moja kwa moja kwanza, kisha maelezo ya jinsi wenyeji wanavyoyaelewa. Upande wa mashtaka ukileta tafsiri mbili zinazopingana, utetezi hauna haja hata ya kuita shahidi.

Peleka wapi? Ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na uwanja ule, uhakikishe unaandikiwa nambari ya OB (kitabu cha polisi cha kuandikia matukio), kisha uwasilishe malalamiko kwa maandishi NCIC ukiitaja nambari hiyo. Andika tarehe, saa, uwanja, jina na cheo cha msemaji, maneno kamili na dakika yanapotokea, lugha, na mashahidi walio tayari. Usiandike "alitusi jamii yetu", andika alichosema. NCIC huchunguza na kupendekeza, ila haishtaki. Mamlaka ya kushtaki ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma (DPP) chini ya Ibara ya 157 ya Katiba. Kwa kuwa haya yametokea wakati wa kampeni, una njia ya tatu ambayo watu huisahau: kamati ya IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ya kusimamia kanuni za maadili ya uchaguzi. Hiyo inaweza kumwonya mgombea, kumtoza faini au kumzuia kufanya mikutano, na huenda kwa kasi kuliko korti ya jinai. Kwa mtu anayehitaji matamshi yakome wiki hii, mimi ningeanzia huko huku OB ikiendelea.

Hasira ya umma ina nafasi yake, lakini si ile watu wanayofikiri. Maelfu kulaani mtandaoni hakuthibitishi kwamba chuki ilielekea kuchochewa. Waliolaani ndio hasa ambao hawakuchochewa. Kinachothibitisha ni walioshangilia na walichofanya baadaye. Vifijo na majibu ya umati katika dakika zako nne ni ushahidi. Vivyo hivyo vipeperushi vya kuwataka watu wahame, duka lililopakwa alama, mpangaji aliyepewa notisi kwa sababu ya jina lake. Kila tukio la namna hiyo liripotiwe kivyake na liwe na OB yake, kwa kuwa mlolongo huo ndio unaounganisha jukwaa na madhara. Na mwambie jamaa yako apumzike kusambaza: kifungu cha 13 kinamgusa pia anayesambaza au kucheza rekodi ya namna hiyo. Aliyeituma kwa kulaani ana utetezi, ila mpelelezi hataujua hadi amwite.

Mbona huachiliwa? Kwanza, kuachiliwa kwa dhamana ni haki ya kila mshtakiwa chini ya Ibara ya 49, na haina maana kwamba kesi imekwisha. Pili, baadhi ya kesi huishia kwa upatanisho kupitia NCIC, kama ile ya mwanasiasa Chirau Ali Mwakwere iliyotokana na uchaguzi mdogo wa Matuga mwaka 2010. Tatu ni siasa tupu. Juni 2016 wabunge wa mirengo yote miwili, serikali na upinzani, walilala seli za polisi kwa tuhuma za matamshi ya chuki, wengine kule Pangani, na wakatoka humo wakiwa mashujaa kwa wafuasi wao. Mtu akikamatwa kwa kishindo bila faili la ushahidi lililokamilika, anapata umaarufu leo na hukumu ya kumwondolea lawama baadaye. Nne ni mashahidi kuogopa majirani. Ukitishwa, liripoti hilo kama kosa jipya na umwombe anayeendesha mashtaka awasiliane na Shirika la Kulinda Mashahidi; usingoje siku ya kusikizwa kwa kesi.

Jambo la mwisho ni matarajio yako. Akipatikana na hatia na kutozwa faini, hata ya milioni nzima, kiti chake hakitikisiki. Ibara ya 99 humfungia mtu nje ya bunge akihukumiwa kifungo cha angalau miezi 6, na hata hapo ni mpaka njia zote za rufaa ziishe. Kama DPP akikaa kimya, kifungu cha 88 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu mashtaka ya mtu binafsi kwa idhini ya hakimu, ingawa Katiba inamruhusu DPP kuichukua kesi hiyo kwa idhini ya aliyeifungua. Kwa njia hiyo pia utaulizwa kwanza faili asilia liko wapi.