Maswali ya Kompyuta: Faili Langu Limekaa Wapi?

*Laptopu yangu ilikuwa nzito, nikampa fundi apige Windows upya. Imerudi nyepesi, ila vitu vyote vya kwenye desktopu havipo. Fundi anasema hakugusa kitu zaidi ya C. Kwani desktopu nayo ni C? Msomaji, Kimara.*

Pole sana. Ndiyo, desktopu ni C, ile sehemu ya diski inayokaa Windows. Ni folda kama folda nyingine, na anwani yake ni C:\Users\, halafu jina la mtumiaji, halafu Desktop. Documents, Pictures na Downloads nazo kwa kawaida zimepanga nyumba hiyohiyo. Fundi akifomati C, amebomoa nyumba na vyumba vyake vyote. Hajakudanganya, ila alipaswa kukuuliza kabla hajaanza.

Usikate tamaa bado. Fungua C utafute folda iitwayo Windows.old. Kama fundi aliweka Windows mpya juu ya ile ya zamani bila kufomati, vitu vyako vimo humo: ingia Users, kisha jina lako la zamani, kisha Desktop. Vikopi kwenye flashi leo hii, maana Windows inaweza kuifuta folda hiyo yenyewe. Isipokuwepo, ingia OneDrive, ghala la Microsoft la kwenye intaneti, kwa baruapepe ileile uliyokuwa unafungulia laptopu. Kompyuta zinazotumia akaunti ya Microsoft mara nyingi hupeleka desktopu huko kimyakimya, mpaka gigabaiti 5 za bure zijae.

Huko nako patupu? Zimebaki programu za kufufua mafaili, mfano Recuva, lakini kwa sharti moja: laptopu usiitumie tena kwa kazi nyingine. Kufomati kwa haraka hufuta orodha ya mafaili, si mafaili yenyewe, na kila kitu kipya unachoseva kinaweza kukalia mahali lilipokuwa faili lako. Iendeshe Recuva kutoka kwenye flashi, na utakachookoa ukiseve nje ya laptopu. Diski ya zamani ya kuzunguka huwa na huruma kiasi. SSD, diski mpya isiyozunguka, haina, kwa sababu Windows huiambia vipande gani havitumiki tena, nayo huvifagia.

Siku nyingine, kama laptopu ina D, hamishia Documents huko: bonyeza folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, kisha Location, kisha Move. Fanya hivyohivyo kwa Desktop. Ila ujue C na D mara nyingi ni vyumba viwili vya diski moja. D inakukinga na fundi, haikukingi na mwizi wa kwenye mwendokasi. Kopi nyingine ikae nje ya laptopu, tena si kwenye begi lilelile.

*Nilipeleka flashi steshenari kuprinti risachi. Kufika nyumbani, folda zote zina kamshale kadogo na nikizibofya hazifunguki vizuri. Zimeliwa? Msomaji, Changanyikeni.*

Hazijaliwa, zimefichwa. Hicho ni kirusi cha shotikati: huficha folda zako, kisha huweka vikaratasi vyenye majina yaleyale. Angalia ukubwa wa kila chenye mshale, utakuta kilobaiti 1 au 2 tu, wakati Properties ya flashi inaonyesha nafasi iliyoliwa ni ileile ya jana.

Kwa kuwa umeshavibofya, anza na laptopu. Chomoa flashi, fungua Windows Security, fanya Full scan. Ukianza na flashi, laptopu itaiambukiza tena. Ikimaliza, chomeka flashi bila kubofya chochote ndani yake, na uangalie imepewa herufi gani, tuseme E. Kwenye Start andika cmd, bonyeza Enter, halafu andika hivi, nafasi kwa nafasi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter usubiri. Folda zitajitokeza, na wakati mwingine zote huwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Kopi nyaraka na picha zako tu. Chochote chenye mwisho wa .exe au .vbs kiache hapohapo. Kisha ifomati flashi. Steshenari nenda na flashi tupu yenye PDF moja.

*Flashi mpya ya GB 32 inasoma 29.8, na video ya sendofu ya GB 6 inagoma kuingia. Nimeuziwa feki? Msomaji, Mbagala.*

Hapana. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1; Windows huhesabu 1,073,741,824. Gawanya bilioni 32 kwa hiyo, unapata 29.8. Feki ni ile ya bei ya kutupa iliyoandikwa terabaiti 1, inayopokea kila kitu halafu nusu ya mafaili hayafunguki.

Video inagoma kwa sababu flashi za ukubwa huo mara nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimefomatiwa FAT32, mfumo usiopokea faili moja linalofika gigabaiti 4 hata nafasi iwe tele. Hamisha kilichomo, bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, chagua Format, kisha exFAT. Tahadhari: sabufa na redio nyingi za gari husoma FAT32 tu. Ya muziki iache ilivyo, nunua nyingine ya video.

*Ankara za dukani nazipa majina ya tarehe lakini hazikai kwa mpangilio, na namba kama 045/2025 kompyuta inakataa. Msomaji, Kariakoo.*

Mkwaju (/) umekatazwa kwa sababu ni alama ya kutenganisha folda kwenye anwani. Nyingine zilizokatazwa ni \ : * ? " < > na |. Andika 045-2025.

Kuhusu mpangilio, kompyuta husoma jina kuanzia kushoto. Ukiandika 14-03-2025, tarehe 14 za miezi yote zitarundikana pamoja. Anza na mwaka: 2025-03-14_ankara-045_vitenge. Mwezi wa 3 uwe 03, si 3. Folda ziwe chache, mwaka kisha mwezi inatosha. Ukizidisha utasahau uliweka kwenye ipi. Na yale majina ya "ankara mpya", "mpya2" na "mpya kabisa" yaache. Ukirekebisha, ongeza v2 mwishoni, na iliyokwisha kupelekwa kwa mteja iseve kwa PDF ili mtu asiibadilishe namba bila kujua.