Muulize Fundi: "Tiki nyekundu ikitokea ndo tumekwisha?"

Wiki hii meseji karibu zote mlizonitumia zinauliza kitu kimoja, eti tunasikilizwa? Nimechukua tatu, nyingine zinafanana mno na hizi.

SWALI

Mwanangu fundi, mimi mweka hazina wa kikoba chetu huku Mbagala Rangi Tatu. Juzi kwenye grupu mtu kafowadi meseji ndefuu, inasema kuanzia kesho simu zote zinarekodiwa na WhatsApp inasomwa na serikali, ukiona tiki mbili za bluu na moja nyekundu ujue wameanza kukushughulikia, zikiwa tatu nyekundu subiri samansi. Tangu siku hiyo grupu kimyaa, hata risiti za michango hawatumi na katibu kajitoa kabisa. Ni kweli hii?
*Mama Z., Mbagala*

JIBU

Shikamoo mama. Ni uongo, tena uongo mzee, hiyo meseji imezunguka nchi kibao na kila inapofika wanabadilisha jina la nchi tu. WhatsApp tiki moja ya kijivu imetoka kwako, mbili zimefika, zikigeuka bluu kasoma, basi, rangi zimeisha. Na tangu 2016 meseji inafungwa kwenye simu yako inaenda kufunguliwa kwenye simu ya unayemtumia, hapo katikati hata wenye WhatsApp wenyewe hawaisomi. Anayetaka kuisoma inabidi aipate simu yenyewe, au ampate mwanagrupu mmoja mwenye mdomo na skrinshoti. Kikoba cha watu thelathini mama, huyo wa pili hatafutwi mbali.

Wa kuogopa kidogo labda ni huyo aliyefowadi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha kusambaza taarifa za uongo. Mrudisheni katibu, hesabu zinamsubiri.

SWALI

Kaka fundi mambo, nina wasiwasi simu yangu inasikilizwa. Nikiongea nasikia mwangwi wa sauti yangu, betri inachemka hata nikiwa sijaigusa, halafu mshkaji kanambia nipige *#62#, nikapiga ikaja namba nisiyoijua kabisa, nikaishiwa nguvu. Mi sio mwanasiasa ila huwa nakomenti komenti mambo ya uchaguzi. Wananisikiliza?
*D., Tabata Segerea*

JIBU

Poa mdogo wangu. Umenikumbusha jamaa mmoja alikuja hapa kibandani kwangu Kariakoo mwezi uliopita, kavaa kofia kaishusha mpaka machoni, simu kaifunga kwenye foili ile ya kufungia kuku, ananong'ona "kaka nadukuliwa". Nikamuuliza umejuaje, akasema inachemka. Nikafungua foili, nikaona mfuniko wa nyuma umenyanyuka kama andazi, betri imevimba! Hiyo ingemlipukia mfukoni kabla hata hao wadukuzi hawajamfikia. Tukabadilisha betri, akalipa, ila foili akaondoka nayo.

Sasa ya kwako. Mwangwi ni mtandao tu, au mwenzio kaweka spika sauti ya juu na maiki yake inaidaka sauti yako inakurudishia. Zamani za simu za waya mtu akichomeka waya wake kwenye laini yako kweli ulikuwa unaweza kusikia mlio, siku hizi simu ikisikilizwa inasikiliziwa ndani ya mitambo ya kampuni na wewe husikii chochote, sauti safi kabisa. Kwa hiyo mwangwi sio ushahidi wa kusikilizwa, na usipousikia sio ushahidi kwamba husikilizwi.

Hiyo *#62# wanaisambaza sana lakini hawasemi kazi yake. Inakuonyesha simu yako ikiwa haipatikani anayekupigia anapelekwa wapi, na mara nyingi namba inayokuja ni ya kampuni yako yenyewe, ile ya kuacha ujumbe wa sauti. Ya kuangalia ni *#21#, hii inaonyesha kama simu ZOTE zinazoingia zimeelekezwa kwa namba nyingine. Ukikuta namba hapo na hukuiweka wewe, piga ##002# ifute kila kitu, halafu jiulize nani aliishika simu yako, maana kwa kawaida kuiweka hiyo mtu anabonyeza kwenye simu yako hiyo hiyo. Shemeji, mwenzio wa geto, au tapeli aliyekupigia akakwambia "bonyeza hivi upate zawadi". Na ukiwa hapo ingia WhatsApp kwenye mipangilio, angalia vifaa vilivyounganishwa. Dada mmoja alikuwa ana uhakika kabisa ni Usalama wa Taifa wanasoma chati zake, tulivyofungua tukakuta kompyuta ya ofisini kwao imeunganishwa tangu mwezi wa tatu, alisahau kutoka siku moja alipoprinti tiketi ya boti. Bosi alikuwa anasoma kila siku na chai yake.

Lakini nisikudanganye ukalala fofofo. Wanaweza? Ndio wanaweza, ila watu mnaogopa sauti wakati kitu chenyewe kiko kwenye kumbukumbu. Kila ukipiga, kila ukituma meseji ya kawaida, kampuni inabaki na namba yako, namba uliyempigia, saa ngapi, dakika ngapi, na mnara uliokuhudumia. Huku Kariakoo minara imebanana, kwa hiyo wanajua ulipo kwa mitaa kadhaa tu, kijijini mnara mmoja unabeba eneo kubwa hivyo hapo utapata nafuu kidogo. Hakuna haja ya mtu kukaa na hedifoni anakusikiliza ukibishana Simba na Yanga. Rekodi ya miezi miwili inatosha kujua unalala wapi, unasali wapi, na ni nani unampigia saa sita usiku. Edward Snowden alipovujisha siri za Marekani 2013, nyaraka ya kwanza kutikisa dunia ilihusu rekodi za nani kampigia nani za mamilioni ya wateja wa kampuni moja ya simu, maneno waliyoongea hayakuwemo.

Na hapa kwetu umeshasahau? Septemba 2024 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kuhusu kesi ya mfanyakazi wa zamani wa kampuni moja ya simu, aliyoipeleka kwenye baraza la ajira London, akidai kampuni ilikuwa inaipa serikali data za simu za Tundu Lissu na mahali alipo, wiki chache kabla hajapigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba 2017. Hayo ni ya kwenye kesi, mi sio hakimu. Ila angalia walichokuwa wanakigombania pale, ni kumbukumbu, simu na lokesheni.

Sheria inasemaje? Katiba ibara ya 16 inalinda mawasiliano yako binafsi. Sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010 inaikataza kampuni kumwaga taarifa zako hovyo, na kunasa mawasiliano bila mamlaka ni kosa. Tatizo ni ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inamruhusu hadi mkuu wa kituo cha polisi kudai data kwa ajili ya uchunguzi bila kwanza kupita kwa hakimu, na mimi naona huo mlango ni mpana mno. Maxence Melo wa JamiiForums, ule mtandao wa mijadala, alikamatwa Desemba 2016 kwa mambo hayo hayo ya kukataa kutoa taarifa za watumiaji wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imekuja juzi juzi tu, imeanza kutumika 1 Mei 2023, ina tume yake, unaweza kulalamika huko.

Ile midudu mikubwa ya kudukulia simu kama Pegasus ya kampuni ya NSO ya Israel, hiyo ipo kweli, 2019 WhatsApp waliipeleka mahakamani wakidai imeingizwa kwenye simu kama 1,400 za watu duniani. Lakini hiyo ni silaha ghali, wanalengwa waandishi, mawakili, wanasiasa, na ikiingia haikupi mwangwi wala haijitangazi. Kwa komenti zako za Segerea, wanachohitaji ni akaunti yako tu, umeiandika jina kamili na picha umevaa tai.

Sasisha simu usipuuze ile apdeti, weka namba ya siri ambayo sio mwaka wako wa kuzaliwa, basi.

SWALI

Fundi nikinunua laini mpya nikaiweka kwenye simu hii hii, hawanioni tena?
*Msomaji, Tandika*

JIBU

Wanakuona. Simu yenyewe ina namba yake, piga *#06# utaiona, na mnara unasoma namba ya simu na ya laini pamoja. Ukibadilisha laini ni kama umebadilisha shati tu, sura ni ile ile. Halafu hiyo laini mpya si utaisajili kwa NIDA na kidole? Tangu 1 Mei 2019 ndo hivyo, na tulipanga foleni wote mpaka Januari 2020 wanazima.

Ila ngoja nikwambie cha kuangalia leo leo, piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Mimi nilipiga nikiwa nimejiamini, fundi mzima, nikakuta namba mbili za mtandao ambao sijawahi hata kununua vocha yake. Nikakaa chini kuvuta kumbukumbu, nikamkumbuka wakala mmoja wa chini ya mwavuli pale stendi, aliniambia "haijasoma braza, weka tena", nikaweka, "haijasoma, kafute jasho", nikafuta, nikaweka tena. Mara tatu! Kumbe kila mara ilikuwa inasoma. Nimezifunga mwezi jana, na hadi leo sijui hizo namba mbili ziliwatumia akina nani ile meseji ya "hela itume kwa namba hii".