Bahari ikilala upande: kwa mnaoanza kuediti picha

Kwa ninyi mnaoanza kuediti, hasa mnaoletewa picha za harusi na za wageni zilizopigwa ufukweni: kabla hujagusa rangi, mwanga au ngozi ya mtu, tazama bahari imekaaje. Mteja anaweza kuvumilia kivuli kizito au anga lililopauka, lakini bahari ikilala upande anaona mara moja kwamba kuna kitu hakiko sawa, hata kama hawezi kusema ni nini. Kwenye picha yenye upana wa pikseli 6000, mlalo wa nyuzi 1 tu unaupandisha upande mmoja wa upeo, yaani mstari ambapo maji hukutana na anga, juu ya mwingine kwa zaidi ya pikseli 100. Hiyo ni tofauti kubwa, na hailetwi na mpiga picha mvivu peke yake. Kwenye mchanga wenye mteremko, huku maharusi wanatembea, kamera hulala kidogo mikononi mwa yeyote.

Kunyoosha kwenyewe ni kazi nyepesi. Kwenye programu ya Lightroom Classic unabonyeza R kufungua chombo cha kukatia picha, unashikilia Ctrl, au Command kama unatumia Mac, kisha unavuta mstari kufuata upeo na kuachia. Picha inajizungusha yenyewe. GIMP, ambayo hailipiwi, ina chombo cha kupimia kinachofunguka kwa Shift na M: unaupima upeo, halafu unabonyeza kitufe cha kunyoosha. Kwenye simu unasogeza kipimo kwa kidole huku ukitazama gridi. Haya mtayajua kwa siku moja. Kinachotaka muda ni kujua mstari upi wa kuuamini, maana programu itanyoosha chochote utakachoionyesha, kiwe cha kweli au cha uongo.

Mstari wa kuaminika kuliko yote ni bahari iliyo wazi. Picha iliyopigwa Paje au Jambiani, Zanzibar, ikitazama mashariki ina maji mpaka yanapokutana na anga. Vuta mstari hapo, na uuvute mrefu kadiri unavyoweza, kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Ukivuta kipande cha pikseli 200 na mkono ukateleza kwa pikseli 2, umeshakosea zaidi ya nusu nyuzi. Mtelezo huohuo kwenye mstari wa pikseli 5000 hauonekani kabisa. Kuza picha kwanza, uone maji yanaishia wapi hasa, kwa sababu wakati wa joto ukungu huufuta upeo na ukajikuta unafuata ukingo wa wingu.

Sasa hapa ndipo wengi hukwama: ng'ambo ya maji si upeo. Chukua picha iliyopigwa ghorofani katikati ya Dar es Salaam, ikitazama Kigamboni ng'ambo ya mlango wa bandari. Ufuko wa ng'ambo hauko umbali mmoja kila mahali. Sehemu iliyo karibu nawe itakaa chini zaidi kwenye picha, iliyo mbali itakaa juu, na kadiri ulivyosimama juu ndivyo mteremko huo unavyozidi kuonekana. Mteremko huo ni halali. Ukiunyoosha, maghorofa yote yataanza kuanguka upande mmoja. Mwanza ni vilevile, vilima na miamba imelizunguka ziwa na mara nyingi upeo wa kweli hauonekani.

Hapo fanya kama fundi ujenzi: pimamaji ikikosa pa kukaa, shika timazi. Tafuta kitu kilichosimama wima, kama kona ya jengo, fremu ya mlango au mnara wa msikiti, kilicho karibu na katikati ya picha. Nasisitiza katikati, kwa sababu kamera ikiinuliwa kidogo tu, majengo ya pembeni huinamiana kuelekea juu, na ukilifuata mojawapo umepotea. Mlingoti wa jahazi usiutumie, huo huundwa ukiwa umeinamia mbele. Mnazi unaujua mwenyewe. Nguzo za umeme nazo zitazame kwa mashaka. Lakini maji yakiwa yametulia, taa na kivuli chake majini hukaa kwenye mstari wima mmoja, na huo ni msaada mzuri sana kwa picha za usiku.

Mlima nao usiuguse. Ukiitazama Kilimanjaro kutoka Moshi, kilele cha Kibo chenye mita 5895 kiko kushoto na cha Mawenzi chenye mita 5149 kiko kulia, kwa hiyo picha nzima huonekana kama inateremkia kulia. Kutoka Amboseli, upande wa Kenya, ni kinyume chake. Kitufe cha kunyoosha chenyewe kinaweza kudanganyika na mteremko huo. Tazama uwanda ulio chini ya mlima, ndio unaosema kweli.

Kama lenzi ni pana, rekebisha kwanza mkunjo wa lenzi, ndipo unyooshe. Lenzi nyingi za aina hiyo huupinda upeo ulio juu ya picha ukawa kama upinde, na ukipima kutoka ncha ya kushoto hadi katikati utapata jibu la uongo.

Kuna gharama pia. Picha ikizungushwa, pembe zake nne lazima zikatwe. Kwa picha ya kawaida ya 3 kwa 2 iliyolala, nyuzi 1 hula takriban asilimia 5 ya eneo, nyuzi 2 karibu asilimia 10, nyuzi 5 zaidi ya asilimia 20. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikizungushwa nyuzi 2 inabaki kama 5700 kwa 3800. Kwa kuchapisha bado inatosha, ila angalia kilichokuwa pembeni: ncha ya shela, kiatu, mkono wa mama wa bibi harusi aliyesimama mwisho wa mstari. Ikibidi kuchagua kati ya mkono wa mama na upeo ulionyooka, mimi naubakiza mkono, napunguza mzunguko mpaka uingie.

Zungusha mara moja tu. Kila mzunguko unaohifadhiwa kwenye JPEG huzipanga pikseli upya na kulainisha nyuzi za kitambaa, hivyo kama umekosea, rudi kwenye faili la mwanzo. Lightroom na programu nyingine iitwayo darktable huliacha faili hilo bila kuliharibu, kwa hiyo humo unaweza kurudi utakavyo.

Ukimaliza, panga picha zote za sehemu ileile kwenye skrini moja, ndogondogo. Iliyobaki imelala itajionyesha kati ya wenzake kabla hujaitafuta. Na mpiga picha wako mwambie awashe pimamaji iliyomo ndani ya kamera, na aache nafasi ya kutosha pembeni mwa watu.