Maswali Yenu: Nataka kufungua hostingi yangu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo. Mi ni kijana wa Mbeya, natengeneza websaiti mwaka wa pili sasa na nina wateja sita, shule mbili za binafsi, gesti, duka la pembejeo, kanisa na fundi wa aluminiamu. Zote nimeziweka kwenye hostingi ya nje, yaani nimekodi nafasi kwenye seva, zile kompyuta zinazowaka muda wote websaiti zionekane, nalipia kwa kadi yangu alafu nawadai wao. Nimewaza si bora niwe mimi ndo mwenye hostingi. Nina milioni moja na nusu. Kuna jamaa anauza seva ya mtumba laki tisa, anasema niiweke geto nivute faiba basi nishakuwa na kampuni. Nifanye hivo? Na nitoze bei gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hiyo seva muachie mwenyewe. Inawezekana ni nzima kabisa ila seva ni kipande kidogo sana cha hii kazi. Umeme ukikatika saa nne usiku nani anawasha jenereta, faiba ya nyumbani IP yake, yaani anwani yake ya intaneti, inabadilikabadilika na spidi ya kupandisha mara nyingi haifiki ile ya kushusha, feni ikifa Jumapili spea unaipata wapi, na vumbi la geto unalijua mwenyewe. Data senta wanalipwa kwa ajili ya hayo, umeme wa akiba, ubaridi, mlinzi, njia za intaneti zaidi ya moja, na we kwa laki tisa huwezi kuvileta vyote chumbani kwako.

Anza na riseli. Si unajua fremu za Kariakoo zinavyogawanywa, mtu anapanga fremu moja, kona hii anaweka muuza kava za simu, ile fundi, mlangoni wakala wa M-Pesa, wote wanamlipa yeye na yeye anamlipa mwenye nyumba. Riseli ndo hivohivo. Unakodi nafasi kwenye seva ya mtu, unapewa paneli inaitwa WHM, humo unawafungulia wateja akaunti zao za cPanel, paneli ndogo ya kuendeshea websaiti na imeli, kila mmoja na mlango wake, na wao wanaona jina lako wewe. Diski ikifa, seva ikitaka apdeti, ikishambuliwa, anahangaika mwenye seva. We unabaki na mteja wako.

VPS, yaani kipande cha seva unachokodi na kukisimamia mwenyewe, itakuja baadae, siku ukiwa unaijua Linux, mfumo unaoendesha seva, kiasi kwamba MySQL inayotunza data za websaiti ikizimika usiku na simu zinaita unakaa kwenye ile skrini nyeusi na mkono hautetemeki. Na kwenye VPS leseni ya cPanel mara nyingi ni juu yako, tena tangu 2019 hao wenye cPanel walianza kutoza kwa idadi ya akaunti badala ya bei moja kwa seva nzima, wenye hostingi ndogo wengi waliumia mwaka ule na baadhi yao wakahamia paneli nyingine, DirectAdmin. Kwa hiyo usikimbilie huko kwa sababu tu umeona VPS ya bei chee ya Ujerumani.

Sasa hesabu. Tuseme umepata riseli ya dola 25 kwa mwezi, mwaka ni 300, na dola tuiweke shilingi 2,600, inakuja 780,000. Ukimtoza mteja laki moja kwa mwaka, wateja wanane wa kwanza wanalipia kodi tu, na hapo hujanunua bando wala hujala. We unao sita. Bei yako ianzie hapo, usianze kwa kuangalia jirani anatoza ngapi. Mi ningewatoza laki moja na nusu alafu ndani yake nikaweka kazi kabisa, bakapu, apdeti za WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, na namba ya simu inayopokelewa na mtu wa hapohapo. Mwalimu mkuu hana habari na gigabaiti ngapi, anataka siku ya kutangaza nafasi za kidato cha kwanza ukurasa ufunguke, na usipofunguka awe na mtu wa kumpigia. Hicho ndo unachouza, na mwenye seva wa Ujerumani hawezi kumuuzia.

Hii isome mara mbili. Mteja akikulipa mwaka mzima mwezi wa kwanza, ile hela bado sio yako, unadaiwa miezi kumi na mbili ya huduma. Nimeona vijana wazuri kabisa wenye akili wakipokea malipo ya watu ishirini, wakanunua pikipiki, mwezi wa nane bili ya seva inakuja kwa dola na hawana kitu. Iweke pembeni, kila mwezi chukua sehemu moja ya kumi na mbili. Na acha nafasi ya dola kupanda, maana we unalipwa kwa shilingi.

Nakuambia haya kwa uchungu kwa sababu mi mwenyewe nilishaharibikiwa. Nilikuwa na wateja kumi na wanne kwenye riseli ya bei rahisi sana ya nje, asubuhi moja paneli haifunguki, natuma tiketi za kuomba msaada hazijibiwi, siku ya tano wakarudi na data za miezi miwili nyuma. Sikuwa na kopi hata moja, niliamini wao wanabakapu kwa sababu ilikuwa imeandikwa kwenye tangazo lao. Nilikwenda kwa wateja mmoja mmoja kwa miguu kuwaeleza. Kuna zahanati walikuwa wanaandika miadi ya wagonjwa kwenye ile websaiti, yule mama wa mapokezi alinisikiliza mpaka mwisho alafu akachukua daftari akaanza kupiga simu kutafuta wagonjwa wake kwa kumbukumbu ya kichwa. Sijasahau.

Na hili haliwakuti wa bei rahisi tu. Tarehe 10 Machi 2021 data senta ya OVH pale Strasbourg, Ufaransa, iliungua moto, jengo la SBG2 likateketea lote, na ile ni kampuni kubwa Ulaya nzima. Wapo waliokuwa wanalipia bakapu kabisa ila bakapu yenyewe ilikuwa imekaa eneo lilelile, ikaungua nayo. Kwa hiyo kopi tatu, sehemu mbili tofauti, na moja iwe kwa kampuni nyingine kabisa, nchi nyingine ikiwezekana. Alafu mara moja kwa mwezi chukua websaiti moja, tuseme ya kanisa, irudishe kutoka kwenye kopi mpaka ifunguke. Bakapu ambayo hujawahi kuirudisha bado hujui kama unayo.

Usiahidi kwamba haitazimika kamwe. Ahadi ya asilimia 99.9 maana yake unaruhusiwa kuzimika kama dakika 43 kwa mwezi, na kuna siku tatizo hata halipo kwenye seva. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, intaneti ikayumba Tanzania na majirani, seva za Ulaya zilikuwa zinawaka vizuri tu ila mteja wa hapa anaona ukurasa unazunguka. Siku kama hiyo usijifiche, tuma meseji kwa wateja kabla hawajakupigia. Mteja ambaye wasomaji wake wote wako hapa nchini, fikiria kumuweka seva ya Dar, kuna TIX pale ambako watoa huduma wa ndani wanabadilishana trafiki bila kuzunguka baharini. Bei inaweza kuwa juu, ila kwa baadhi ya wateja inalipa.

Makaratasi kwa haraka: jina la biashara BRELA, TIN ya TRA, leseni ya biashara ya halmashauri, alafu ingia ofisi ya kanda ya TCRA hapohapo Mbeya uwaeleze unachotaka kufanya, wakuambie leseni gani inakuhusu kabla hujachapisha vipeperushi. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Websaiti za shule zina majina ya watoto na namba za wazazi, kwa hiyo inakugusa.

SWALI: Hujambo. Mimi ni dada wa Mombasa, nabuni websaiti na pia nauza hostingi kidogo. Mteja wangu mwenye mkahawa anataka kuhamia kwa mtu mwingine na bado nina shilingi 8,000 zangu kwake. Domeini yake, yaani jina la websaiti, ya .co.ke niliiandikisha kwa jina langu na imeli yangu, wakati ule alikuwa na shughuli nyingi akaniachia kila kitu. Je, naweza kuishikilia mpaka alipe?

JIBU: Sijambo dada yangu, na pole kwa hilo deni. Ila hapana, usiishikilie. Lile jina limeandikwa kwenye menyu, kwenye kibao cha nje, kwenye boksi za kubebea chakula, na we ulilipia kwa niaba yake tu. Deni lako lidai kama deni, mtumie invoisi, mkumbushe, mwambie kazi mpya hakuna mpaka alipe, hata hostingi unaweza kuisimamisha kama mlikubaliana hivyo na ukampa taarifa na kopi ya faili zake. Domeini mpe.

Namna yenyewe ni hivi, ingia kwa msajili uliyenunulia, badilisha mwenye domeini awe yeye, imeli iwe ya kwake, alafu omba namba ya siri ya kuhamishia domeini umkabidhi. Mambo ya .ke yako chini ya KeNIC na wewe unapita kwa msajili, kwa hiyo msajili akisuasua unajua pa kuuliza. Zile za .com zina kanuni zake, ikishasajiliwa au kuhamishwa kwa kawaida hukaa siku 60 ndo iweze kuhama tena, usimuahidi mteja kwamba ni kesho.

Kuanzia leo andikisha kila domeini kwa jina la mteja na imeli ambayo ataifungua hata siku mmegombana, we jiweke kama mtu wa ufundi. Na ziandike tarehe za kuisha sehemu mbili. .com ikipita muda wake na msajili akaifuta inaingia siku 30 za kukombolewa kwa faini ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko bei ya mwaka, zikipita hizo zinabaki siku tano tu, alafu yeyote anaichukua. Jina la mtu la miaka kumi linaweza kupotea kwa sababu kikumbusho kilikwenda kwenye imeli yako ya zamani.

SWALI: Niko Mwanza, nina riseli na wateja kumi na moja. Tangu wiki iliyopita imeli zao zote zinaingia spamu, hata invoisi. Mwenye seva anasema tatizo ni mimi. Ni kweli?

JIBU: Inawezekana ni kweli kaka, tena bila wewe kujua. Kwenye hostingi ya pamoja watu wengi wanatumia IP moja, akiharibu mmoja wanachafuka wote. Angalia kwanza ripoti ya imeli zilizotoka kwenye paneli, utafute akaunti iliyotuma mamia kwa usiku mmoja. Mara nyingi nakuta ni fomu ya mawasiliano isiyo na ulinzi au WordPress ya mteja ambayo plagini yake, kile kiprogramu cha kuongezea, haijaguswa miaka miwili na wadukuzi wameingia. Isimamishe hiyo akaunti, isafishe, badilisha paswedi, alafu weka kikomo cha imeli kwa saa kwa kila mteja. Riseli wengi hawaweki kikomo mpaka yawakute.

Baada ya hapo hakikisha kila domeini ina SPF, DKIM na DMARC. Ni mistari mitatu kwenye DNS, lile daftari la anwani za domeini, inayowaambia wenzako nani ana ruhusa ya kutuma kwa jina lako, na tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza sana hapo, hasa kwa wanaotuma nyingi. Ukiona IP imeingia kwenye orodha ya Spamhaus, wale wanaoorodhesha watuma spamu, mwambie mwenye seva aombe itolewe, ila hakikisha umeshaziba tundu, maana ikirudi mara ya pili hawatakusikiliza kirahisi. Na mteja ambaye biashara yake yote iko kwenye imeli, mi namshauri imeli aiweke kwa watu wa imeli peke yao, websaiti ibaki kwako. Unapoteza vihela kidogo ila unalala.

SWALI: Mi wa Morogoro. Leseni ya WHMCS, programu ya kutunza wateja na bili za hostingi, niliiona ghali, nikapakua iliyovunjwa isiyodai leseni kwenye kundi moja la Telegram, nimeitumia miezi mitatu na inafanya kazi vizuri tu. Kuna hatari?

JIBU: Ipo, na ni kubwa, naomba uifanyie kazi leo. Ile programu inashika majina ya wateja wako, simu zao, malipo yao, na funguo za seva yako ya WHM. Aliyeivunja akakupa bure anaweza kuwa ameacha mlango wa kuingilia, na kufanya kazi vizuri hakuonyeshi chochote, mwizi anataka ikae kimya. Izime. Usijaribu kuisafisha, toa orodha ya wateja na tarehe zao peke yake, faili zilizobaki futa. Badilisha paswedi ya WHM, za cPanel zote, ya imeli yako, ya akaunti ya msajili wa domeini, na funguo zote za API, zile programu zinazotumia kuingiliana zenyewe. Angalia kama kuna akaunti usiyoifungua wewe. Kwa wateja ulionao, jedwali la kompyuta na kikumbusho cha simu vinatosha kabisa kutuma invoisi, leseni utanunua wakifika thelathini. Alafu waandikie wateja wote leo jioni, maneno mafupi tu: "Ndugu mteja, nimegundua programu niliyotumia kutunza taarifa zako haikuwa salama. Nimeiondoa. Tafadhali badilisha paswedi ya imeli na ya websaiti yako kabla ya kesho, nipigie nikuelekeze, nitakuwa kwenye simu mpaka saa tano usiku."