Maswali na Majibu: Kutoa Mada na Kujitolea Kwenye Mikutano ya Hifadhidata

Barua za safari hii zinatoka Mbarara, Kampala, Gulu na Jinja. Tumezifupisha na kuzijibu pamoja.

Ndugu wahariri, nasimamia hifadhidata ya SACCO moja hapa Mbarara. Wenzangu wa Kampala wananihimiza nitoe mada kwenye mkutano wao, lakini sioni jipya la kuwaambia watu wanaoshinda kutwa na PostgreSQL, programu ya kuendeshea hifadhidata. Nianzie wapi? (Msimamizi, Mbarara)

Anzia kwenye tatizo moja ulilolitatua kazini, dogo kiasi cha kuelezwa kwa sentensi mbili. Mada ya "Utangulizi wa PostgreSQL" itakatwa na jopo linalochagua mada, maana mwongozo rasmi umeshaifanya kazi hiyo. "Kwa nini ripoti ya mwisho wa mwezi ilikuwa inachelewa" ni habari nyingine, kwa sababu karibu kila mtu ukumbini ana ripoti yake inayomsumbua.

Tuseme kwiri yenu, yaani swali mnaloiuliza hifadhidata, ilikuwa inachuja miamala kwa date_trunc('month', tarehe), fanksheni inayoirudisha kila tarehe mwanzo wa mwezi wake. Indeksi (faharasa ya kutafutia rekodi haraka) ya kawaida ya kolamu ya tarehe haisaidii hapo, kwani ilichohifadhi ni tarehe zenyewe, si matokeo ya fanksheni. Andika tarehe >= '2025-03-01' AND tarehe < '2025-04-01', na indeksi inaweza kutumika. Hiyo peke yake inatosha dakika 20: dalili, chanzo, dawa, na pale dawa inaposhindwa, kwa mfano mwezi mmoja ukiwa umebeba karibu nusu ya jedwali zima.

Muhtasari wa kupeleka kwa jopo uwe na maneno 150 hadi 200. Taja tatizo mwanzoni kabisa, kisha sema mada inamfaa nani na msikilizaji ataondoka na nini. Usilifiche jibu ukidhani unatia hamu. Anayesoma mihutasari mingi usiku baada ya kazi hana muda wa vitendawili. Ukipewa dakika 40, andaa za kuzungumza 30. Kama hata hizo zinakutia hofu, omba nafasi ya mada fupi ya dakika 5, ila ujue kwamba dakika 5 zinabeba wazo moja tu.

Nataka kuonyesha indeksi inavyofanya kazi, moja kwa moja mbele ya watu. Nifanyeje onyesho lisinigomee? (Mwandishi wa programu, Ntinda, Kampala)

Maonyesho mengi huharibikia kwenye data kabla hata ya projekta. Jedwali la rekodi 500 halionyeshi kitu: PostgreSQL itaona ni nafuu kulisoma lote, nawe utabaki unaapa kwamba indeksi ipo. Tengeneza rekodi milioni 1 au 2 kwa generate_series, fanksheni inayozalisha mfululizo wa thamani. Ukishazijaza, endesha mwenyewe ANALYZE, amri inayokusanya takwimu za jedwali. Autovacuum, sehemu ya PostgreSQL inayoifanya kazi hiyo yenyewe, kwa mpangilio wake wa kawaida huzinduka kila dakika 1, na kabla haijalifikia jedwali lako mfumo unapanga kwiri kwa kukisia.

Mtego wa pili ni kumbukumbu. Kwiri ikiendeshwa mara ya kwanza huenda data ikasomwa kutoka kwenye diski. Mara ya pili tayari iko kwenye RAM. Ukiendesha kwiri, ukaunda indeksi, kisha ukaendesha tena, sehemu ya kasi inayopigiwa makofi haikuletwa na indeksi, na mjuzi mmoja aliyeketi nyuma atakuuliza. Endesha kila kwiri mara mbili na uonyeshe matokeo ya pili. Tumia EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS), amri inayoonyesha jinsi kwiri ilivyoendeshwa: kwenye mstari wa Buffers, hit ni kurasa (vipande vya data) zilizokutwa ndani ya kumbukumbu ya PostgreSQL, na read ni zile zilizobidi kuletwa kutoka nje yake.

Halafu kuna hili linalosahaulika: EXPLAIN ANALYZE huiendesha amri kwelikweli. Ukiipa DELETE, rekodi zimekwenda. Tangulia na BEGIN, malizia na ROLLBACK inayotengua mabadiliko.

Hifadhidata iwe ndani ya laptopu yako, usitegemee intaneti ya ukumbi. Betri ijae, maana umeme ukikatika hata jenereta huchukua muda kuwaka. Rekodi video ya onyesho zima siku moja kabla. Likigoma kwa sekunde 60, cheza video na uendelee kuzungumza. Herufi ziwe nyeusi juu ya weupe, saizi 24 kwenda juu. Ule weusi wa terminali (dirisha la kuandikia amri) unaoupenda haufai kitu dirisha lisilo na pazia likiwa wazi. Beba adapta ya HDMI na ya VGA, kwani kumbi nyingine bado zina projekta za zamani. Na kama paa ni la mabati na msimu ni wa mvua, slaidi ziwe na maneno ya kutosha kusomeka wakati sauti yako haisikiki.

Je, naweza kutumia nakala ya majedwali ya kazini nikishaficha namba za simu kwa md5, njia ya kugeuza maandishi kuwa msimbo? (Mchambuzi wa data, Gulu)

Hapana. Namba zetu za simu za mkononi zina tarakimu 10 na huanza na 07, kwa hiyo zinazobaki kukisiwa ni 8, yaani michanganyiko milioni 100. Laptopu ya kawaida inaikokotolea yote md5 kwa dakika chache na kuoanisha na orodha yako. Isitoshe, chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, data iliyokusanywa kwa kazi moja haipelekwi kwenye kazi isiyoendana nayo, na ruhusa ya mdomo ya bosi haiondoi hilo. Chukua muundo wa majedwali tu, tena kwa idhini ya maandishi, halafu ujaze data ya kubuni.

Watoa mada hulipwa? (Msomaji, Jinja)

Kwenye mikutano ya jumuiya, kwa kawaida hapana. Uliza mapema, kabla hujakubali, kama kuna nauli na malazi.

Mimi ni mwanafunzi na kusimama mbele ya watu siwezi. Kuna kazi gani nyingine? (Mwanafunzi, Kikoni, Kampala)

Kazi zipo, na zinapata watu wachache kuliko jukwaa. Ya kwanza ni kutunza muda: kaa mstari wa mbele na kadi za dakika 10, 5 na 1, na muda ukiisha simama. Watoa mada wanne wakizidisha dakika 10 kila mmoja, chakula cha mchana kimesogea dakika 40.

Mezani pa usajili, chapisha orodha kwenye karatasi. Usigawe foleni kwa kukata alfabeti katikati: majina ya Kiganda yanayoanza na Na- ni mengi mno, na meza ya pili itaelemewa. Herufi N ipewe meza yake.

Ukipangiwa kusoma mihutasari, majina ya waombaji yafichwe, na kila msomaji atoe alama peke yake kabla ya kikao.

Kazi isiyogombaniwa ni kutunza mali ya jumuiya: nywila, orodha ya wanachama, video na hesabu za pesa. PASS, shirika la wataalamu wa SQL Server (programu ya hifadhidata ya Microsoft) lililoanzishwa 1999, lilifungwa Januari 2021, na vikundi vya miji vilivyokuwa vimeweka kurasa zao huko vikalazimika kuhama. Kila nywila ijulikane na watu wawili, orodha na video zinakiliwe mahali pengine kila baada ya mkutano, na pesa zinazoingia kwenye laini ya mtu mmoja ziandikwe siku hiyohiyo kwenye daftari ambalo wengine wanaweza kulifungua.